Uzi: Mawe ya makaburi tunayaona, maboma hatuyaoni – kuhusu wafugaji wa kale wa nyanda za juu za Bonde la Ufa

Mpanda Vilima (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Nimekuwa nikisoma michango mbalimbali humu kuhusu historia ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na nimeona jambo moja linalojirudia: tukizungumzia watu waliokaa huku kabla ya chuma kufika, tunazungumzia makaburi yao tu. Tunataja marundo ya mawe, mapango yenye mifupa, mabakuli ya mawe, kisha tunahitimisha kwamba watu hawa walikuwa wahamaji waliopita, wakazika, wakaendelea na safari. Nafungua uzi huu kupinga hitimisho hilo. Kaburi la mawe hudumu na boma la miti, miiba na samadi hutoweka. Kwa hiyo picha tuliyonayo imetokana na kile kilichobaki juu ya ardhi, na haielezi namna watu walivyoishi.

Nianze na Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo makazi na makaburi ya nyakati tofauti yamekutana kwenye kilima kimoja. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipitia eneo hilo mwaka 1926 alipokuwa akichimbua makaburi ya kale pale Nakuru, lakini kazi kubwa ilifanywa na mkewe, Mary Leakey, mwaka 1937 na 1938, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1945. Kilima kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa mwaka 1943. Jina limetokana na pimbi (kwa Kiingereza, hyrax) waliojaa katika miamba yake. Zamani sana, ziwa la Nakuru lilipokuwa limejaa kupita kiasi cha leo, kilima hiki kilikuwa rasi iliyoingia majini. Wafugaji wetu walikuja baadaye, maji yakiwa yameshuka na nyasi zikiwa zimetawala bonde.

Makaburi ya wafugaji hao yalikuwa na vilima vidogo vya mawe juu yake, na miili ilizikwa ikiwa imekunjwa. Wanawake waliwekewa sahani na mabakuli ya mawe pamoja na michi, ilhali wanaume waliozikwa hapo hawakuwekewa vyombo hivyo. Kisha, juu ya ardhi hiyo hiyo, ikapatikana mifupa ya watu 19 wa zama za baadaye, wengi wao wanaume vijana, na baadhi ya mafuvu hayakuwa mahali pake. Upande wa kaskazini mashariki kuna safu ya mashimo ya mviringo, ambayo ni makazi ya zama za chuma. Yaani mtu anayetembea dakika chache tu kwenye kilima hicho anavuka zaidi ya miaka 2,000, na pengine asitambue, kwa sababu yote ni mawe na nyasi.

Sasa linganisheni na pango la mto Njoro, ambalo haliko mbali na hapo, chini ya safu ya Mau. Akina Leakey walilichimbua mwaka 1938 na kuchapisha matokeo mwaka 1950. Humo maiti hazikukunjwa na kufunikwa mawe, zilichomwa. Mabaki ya takriban watu 80 yalipatikana, na vipimo vya radiokaboni vinayaweka kwenye takriban miaka 3,000 iliyopita. Moto huo, kwa namna ya ajabu, ndio uliotuhifadhia vitu ambavyo kwa kawaida huoza: chombo cha mbao kilichonakshiwa, vipande vya vibuyu, ususi na kamba, vyote vikiwa vimegeuka makaa. Kulikuwa na shanga za mawe ya rangi, nyembe za obsidiani (jiwe la volkano linalong'aa kama kioo), na udongo mwekundu. Na hapa kila marehemu, awe mwanamume au mwanamke, alikuwa na bakuli lake la mawe na jiwe lake la kutwangia.

Niacheni hapo kwanza nisikie mawazo yenu. Nitarudi kwenye suala la maboma yenyewe.

MamaNjoro

Asante ndugu Mpanda Vilima kwa uzi huu. Mimi ninatoka upande huo, na tangu utotoni tumeyaona mabakuli hayo. Katika boma la jirani yetu mmoja bakuli la jiwe jeusi, lenye kina cha kama kiganja na ukingo uliolainishwa vizuri, lilikuwa likitumika kunyweshea kuku, na hakuna aliyeliona kuwa kitu cha ajabu; jembe ndilo lililolifukua. Swali langu ni kuhusu marundo ya mawe yaliyoko mashambani. Wazee wetu husema ni makaburi ya Wamasai waliokuwepo kabla ya walowezi. Wewe unayaweka miaka 3,000 nyuma. Tuamini lipi?

Mpanda Vilima

Mama, yote mawili yanaweza kuwa kweli, na ndiyo maana hakuna mtu makini anayelitaja rundo kwa umri wake kabla ya kuchimbua. Kwa desturi ya kale ya Wamasai, watu wengi hawakuzikwa bali waliachwa nyikani, lakini mzee mwenye heshima kubwa aliweza kuzikwa na kuwekewa mawe, na kila apitaye akaongeza jiwe lake. Rundo la namna hiyo linaendelea kukua kwa vizazi. Kwa hiyo rundo moja shambani kwenu linaweza kuwa la mzee wa karne ya 19, na lile lililo hatua mia moja kutoka hapo likawa la watu ambao hata lugha yao hatuijui. Jiwe la juu halina tarehe. Kinachotoa tarehe ni makaa, mifupa na vyombo vilivyo chini, na hata mifupa ina matatizo yake: vipimo vya zamani vilivyofanywa kwenye sehemu ya madini ya mfupa, badala ya protini yake, vilileta tarehe zisizoaminika, na baadhi ya mabishano ya miaka ya 1970 yalitokana na hilo tu.

Jambo lingine ni kwamba mtu akizika juu ya mlima uliokwisha kuwa na makaburi, mara nyingi hafanyi hivyo kwa bahati. Mahali penye wafu hutambulika, na wageni huja wakazika hapo hapo ama kwa heshima ama kwa kutaka ardhi hiyo ihesabike kuwa yao. Hyrax Hill ni mfano mmoja, ingawa kwa wale vijana 19 sithubutu kusema ni lipi kati ya hayo.

Mwana Mbulu

Ningependa kuongeza upande wa Tanzania, kwa sababu mara nyingi mjadala huu huishia Naivasha kana kwamba Bonde la Ufa lina mpaka pale Namanga. Ndani ya kreta ya Ngorongoro yapo marundo ya mawe ya makaburi ambayo mtafiti Mjerumani Hans Reck aliyaona tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, katika eneo la shamba la Mjerumani Adolf Siedentopf. Baadaye yalichimbuliwa mengine, na mabakuli ya mawe yakapatikana humo pia. Lakini hayo bado ni makaburi, na mwanzisha uzi ametaka makazi. Basi makazi yapo Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Ni makazi ya takriban miaka 3,000 iliyopita, ya kusini kabisa kati ya yale yanayojulikana ya wafugaji wa kipindi hicho, na ni makubwa. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imejaa, vigae vya vyungu ni vya mtindo wa Narosura unaofahamika kutoka Narok, na mawe ya kusagia ni mengi mno. Mtu hahami kila mwezi akiwa na mawe ya kusagia mgongoni.

Humo ndimo pia ilimopatikana mifupa ya mtoto mchanga wa kike, ambaye vinasaba vyake vilichapishwa mwaka 2017. Zaidi ya theluthi moja ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na iliyobaki ilikuwa ya Kiafrika.

Mpanda Vilima

Ndugu Mwana Mbulu umenirahisishia kazi. Luxmanda ndiyo hoja yangu kwa ufupi.

Sasa nije kwenye maboma. Tatizo la boma la mfugaji ni kwamba limejengwa kwa vitu vinavyooza, na likihamwa mvua mbili tatu hulisawazisha. Hata hivyo halipotei kabisa, kwa sababu samadi iliyokusanyika zizini kwa miaka hubadilisha udongo. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Fiona Marshall lilichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu maboma ya kale ya kaunti ya Narok. Walichimba kwenye viwanja vidogo vya nyasi vilivyo katikati ya vichaka, wakakuta chini yake tabaka laini la kijivu ambalo ni kinyesi cha mifugo kilichooza, na wakapima kwamba fosforasi, naitrojeni, kalsiamu na magnesi bado ni nyingi kuliko kwenye ardhi ya jirani. Baadhi ya maboma hayo yaliachwa karibu miaka 3,000 iliyopita. Nyasi zake ni tamu zaidi hadi leo, wanyama pori huenda kulisha hapo na kuacha kinyesi chao, na rutuba inaendelea kuzunguka.

Fikirieni maana yake kwa mtu anayetafuta makazi. Anayetembea akitazama mawe ataona makaburi tu, na akitazama nyasi ataona maboma. Kwenye picha za angani viwanja hivyo ni mabaka ya mviringo yenye rangi tofauti, na mfugaji wa leo anayevipitia na ng'ombe wake hahitaji picha, maana mifugo yenyewe humwonyesha.

Kuhusu kwa nini walichagua nyanda za juu: ng'ombe wa wageni hawa waliteremka kutoka kaskazini, kutoka bonde la Turkana ambako ufugaji ulikuwepo tangu takriban miaka 5,000 iliyopita, lakini iliwachukua muda mrefu kuenea kusini. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni ya magonjwa: inzi wa ndorobo katika vichaka vya joto, na ugonjwa ambao ng'ombe huupata kutoka kwa nyumbu wanapozaa. Nyanda za juu zina baridi, zina misimu miwili ya mvua, na mtu anaweza kupanda au kushuka mteremko kufuata nyasi bila kwenda mbali. Hilo peke yake linamruhusu kukaa mahali pamoja kwa miaka, akihamisha mifugo badala ya kuhamisha nyumba.

Mdadisi wa Elburgon

Ndugu mwanzisha uzi, unaandika vizuri, lakini kuna sehemu unaruka. Umesema wafugaji, wafugaji, wafugaji. Mabakuli, michi na mawe ya kusagia ni vyombo vya nini basi, kama si vya nafaka? Mtu akifukua nyumba ya bibi yangu akakuta kinu na mchi hatasema bibi alikuwa mfugaji wa kuhamahama. Naona kuna mazoea ya kuwanyima watu wa kale wa huku kilimo.

Mpanda Vilima

Pingamizi lako ni la haki, na sijui mtu anayeweza kulifunga kabisa. Ninachoweza kusema ni hiki: mifupa ya mifugo katika makazi haya ni ushahidi wa moja kwa moja na ni mingi mno, ilhali ushahidi wa wazi wa mazao yaliyopandwa ni haba sana, licha ya wachimbuzi wa miaka ya karibuni kuchekecha udongo na kuuosha kwa maji ili kunasa mbegu zilizoungua. Jiwe la kusagia husaga nafaka ya kupandwa, na pia nafaka ya mwituni, mizizi, dawa na udongo mwekundu, na udongo huo tumeukuta Njoro. Kwa upande wa maziwa hali ni tofauti, kwani mabaki ya mafuta yaliyonywewa na kuta za vyungu vya Kenya na Tanzania yamechunguzwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba maziwa na nyama vilipikwa au kuhifadhiwa humo. Kwa hiyo ninaandika «wafugaji» kwa sababu ndicho kilichothibitishwa, nami nitafurahi siku mtu atakapotuletea punje ya mtama kutoka Luxmanda.

Kuhusu mabakuli ya makaburini, ona kwamba Hyrax Hill wamewekewa wanawake tu, na Njoro wamewekewa wote. Ingekuwa ni vyombo vya jikoni tu, ambavyo mke huzikwa navyo kwa kuwa ndiye msagaji, Njoro isingetuletea wanaume wenye mabakuli. Nadhani bakuli lilikuwa na kazi yake katika mazishi yenyewe. Huo ni mtazamo wangu, haujathibitishwa.

MamaNjoro

Hapo kwenye Hyrax Hill na Njoro ndipo penye utata kwangu. Umbali wake ni mfupi, mtu anatembea kwa siku moja. Hawa wanazika, wale wanachoma. Hayo si makabila mawili?

Mpanda Vilima

Wanaakiolojia walidhani hivyo kwa muda mrefu, mama, na walikuwa na sababu. Waliwagawa wafugaji wa kipindi hiki katika makundi mawili. Kundi la kwanza, linaloitwa la Elmenteita, lilikaa zaidi upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, Mau na Loita, lilichoma maiti mapangoni kama Njoro na Keringet, vyungu vyake vilikuwa vya kawaida bila nakshi nyingi, na obsidiani yake ilitoka mlima Eburru. Kundi la pili, la savana, lilizika chini ya mawe au katika mianya ya miamba, vyungu vyake vilinakshiwa, na obsidiani yake ilitoka zaidi bonde la Naivasha. Obsidiani ya kila machimbo ina kemia yake, ndiyo maana mtu anaweza kuokota kipande karibu na Ziwa Viktoria akaambiwa kilichimbwa mlima gani. Makundi hayo yaliishi kwa jirani kwa zaidi ya miaka 1,000 na bado kila moja lilishikilia mlima wake.

Kisha mwaka 2019 jarida la Science likachapisha vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, na ikabainika kwamba kwa asili ya damu makundi hayo mawili hayatofautiani kwa namna inayoonekana. Ni watu wale wale, waliotokana na wafugaji wa kaskazini mashariki waliochanganyika kwa awamu na watu wa Sudan na wawindaji wenyeji, lakini mmoja akimchoma babaye na mwingine akimfunika mawe. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika uzi huu. Tungekuwa na makaburi peke yake tungeendelea kuamini mataifa mawili.

Mwana Mbulu

Na yale mashimo uliyoyataja mwanzoni? Huku kwetu hayapo, lakini nimesikia yanaitwa mashimo ya Wasirikwa.

Mpanda Vilima

Ndiyo, na hapo mambo yamegeuka kinyume, kwa sababu kwa Wasirikwa, wafugaji wa zama za chuma, makazi ndiyo yanayoonekana waziwazi. Ni zama za baadaye sana, tuseme kati ya karne ya 12 na ya 18. Mashimo yametapakaa kuanzia Nakuru hadi Uasin Gishu, Cherangani na kuelekea Elgon, mengi yakiwa kwenye miteremko. Walowezi waliyadhania kuwa nyumba za chini ya ardhi, na wengine waliyaita mahandaki. Uchimbuzi wa Merrick Posnansky kule Lanet, na kazi ya John Sutton katika nyanda za juu za magharibi miaka ya 1960, ulionyesha kwamba ni mazizi yaliyozamishwa ardhini ili ng'ombe walindwe usiku.

Ukisimama ndani ya shimo lililohifadhika vizuri utaona kwamba upande wa juu wa mlima ukuta ni mrefu na umekatwa ndani ya udongo, na upande wa chini kuna mwanya mmoja mwembamba, ambao ng'ombe walipitia mmoja mmoja na maji ya mvua yakatokea. Nje ya mwanya huo, kando, kuna kilima cha samadi na matope yaliyozolewa zizini kila mara, na humo ndimo wachimbuzi hupata vigae na mifupa kwa wingi. Nyumba haikuwa ndani ya shimo. Ilijengwa ubavuni, kwenye usawa wa ardhi, na mlango wake ukatazama zizini, hivyo mwizi wa ng'ombe angelazimika kupita mbele ya mwenye nyumba. Zizi likijaa uchafu au kuta zikibomoka, walichimba jingine hatua chache pembeni, na ndiyo maana mashimo huonekana kwa makundi makubwa ambayo si lazima yote yalitumika kwa wakati mmoja.

Mdadisi wa Elburgon

Nimeridhika kwa sehemu, ila suala la nafaka sijaliachia. Swali la mwisho kutoka kwangu ni la vitendo. Shamba la familia yetu lina rundo moja na mashimo mawili, na mwaka huu trekta inakuja. Nifanye nini?

Mpanda Vilima

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inalinda vitu vya kale vya kabla ya mwaka 1895, na anayegundua anatakiwa kutoa taarifa. Kwa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaanzia vitu vya kabla ya 1863. Kwa hiyo toa taarifa kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu kabla ya trekta kufika. Wakati unasubiri, piga picha za rundo kutoka pande zote ukiweka fimbo au jembe pembeni ili ukubwa uonekane, chukua alama za mahali kwa simu, na usiondoe hata jiwe moja kuona kilicho chini, kwa kuwa mpangilio wa mawe ni ushahidi sawa na mfupa. Mashimo uyaache yabaki malisho. Na mwambie dereva asilime pia kile kilima kidogo kilicho mbele ya mwanya, ambacho watu wengi huona ni udongo tu na kuutawanya shambani kama mbolea.